Tulivyorudisha mapaa baada ya upepo wa ziwani

Ule upepo ulipopita huku kwetu Igogo, kila mtu aligeuka fundi, na ushauri ukawa mmoja: "Pandisheni mawe juu ya bati." Mwanza mawe hayanunuliwi, nakubali. Ila upepo unapenya chini ya upenu na kunyanyua bati, unaopita juu nao unalivuta, na nguvu kubwa iko kwenye kingo na kona. Jiwe la katikati halizuii kona. Linaserereka tu, na huku mlimani likianguka linamwangukia jirani wa chini. Mzee mmoja alibisha, akapandisha yake. Mvua iliyofuata jiwe likatua kwenye tangi la maji la watu. Mawe yakashuka yote kimya kimya.

Kabla ya kumwita fundi, kiangalie kipande kilichoruka. Bati likiruka peke yake, tatizo ni misumari. Likiruka na papi zake, zile mbao linapopigiliwa, kiungo cha papi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ndicho kilichoachia. Zikiondoka na kenchi, paa halikufungwa ukutani, na hapo hata ununue mabati ya geji gani utayaokota tena.

Waya wa umeme ukilala juu ya bati, hakuna kugusa hata kwa mti mkavu. TANESCO kwanza.

Sasa turubai. Likiwa peke yake linapigapiga, matundu ya kamba yanachanika, asubuhi unalikuta mwambani. Sisi tulilivusha mgongo wa paa hadi upande wa pili, mita nzima, maji yasiingilie juu. Kisha tukatandika wavu mkuukuu wa sangara, ule wa nyuzi nene, ambao pale mwalo wa Kirumba, wavuvi wanakoshushia samaki, ukiongea vizuri unaupata kwa hela ya soda. (Timba, ule wavu wa uzi mmoja wa plastiki, usichukue, inakata turubai.) Wavu unakandamiza turubai lote kwa pamoja, hakuna mahali pa kuvimba. Utamu uko kwenye kamba: hatukuzifunga kwenye misumari, tulizining'iniza viroba vya kilo 25 vilivyojazwa mchanga nusu, visiguse chini. Upepo ukivuta, viroba vinapanda kidogo, ukiachia vinashuka na kukaza upya. Aliyefunga kwenye msumari alikuwa anaamka usiku kukaza.

Mabati ya mawimbi yaliyokunjamana msiuze chakavu. Laza bati kwenye mwamba bapa, weka bomba la chuma la inchi 1 ndani ya bonde la wimbi, linakaa kama limepimwa, halafu gonga juu ya bomba kwa kipande cha mbao ukitoka pembeni kuelekea penye mkunjo. Nyundo moja kwa moja inalichana. Bati la msauzi, lile la migongo yenye pembe badala ya mawimbi, likishavunjika pembe zake, hilo liezekee banda la kuku. Matundu ya zamani tuliyapigia misumari palepale, na chini ya kofia ya kila msumari kipande cha tyubu ya baiskeli.

Msumari unapigwa mgongoni mwa wimbi, bondeni maji yanapita. Wa inchi 2 na nusu haufai: wimbi linakula karibu sentimita 2, kwa hiyo ncha haitokezi chini ya papi ya mbili kwa mbili. Chukua wa inchi 3, ncha ikitokeza uipinde. Kingoni piga kila baada ya wimbi moja, katikati ruka mawili. Papi kwenye kenchi ni misumari miwili ya kimshazari, kisha waya wa kufungia nondo ukunjwe mara mbili na kusokotwa kwa koleo.

Kenchi zenyewe tulizifunga kwa nondo ya milimita 6: toboa ukuta chini ya lenta (mkanda wa zege wa juu ya ukuta), pitisha, pindisha juu ya mbao, kaza. Nyumba isiyo na lenta shuka kozi (mistari) tatu za tofali, ili uzito wa ukuta ndio ushikilie. Fundi atakwambia kozi moja inatosha, maana kutoboa kunamchosha.

Kofia za mgongo wa paa nunueni mpya. Hizo zikishapinda hazinyooki.