Mtangazaji kubeba boksi siyo mwisho wa kipaji

Jamaa mmoja tuliyekuwa naye redioni Dar kanitumia voisi, anacheka kabisa, eti sauti yote ile ndugu yangu imeenda kusukuma vibibi vya kizungu. Imeniuma. Nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Binghamton, jimbo la New York, nageuza watu wasipate vidonda vya mgongo, nabadilisha mashuka saa tisa usiku, na hela hiyo ndiyo inalipa ada za watoto wa ndugu zangu. Redioni nilikuwa napata nini? Mishahara ya redio zetu mnaijua na inavyochelewa mnajua, daladala nzima inaitambua sauti yako na wewe unawaza nauli ya kesho.

Sasa mji huu ndio aliokulia Rod Serling, mwandishi wa tamthilia za televisheni wa Marekani. Nilimjua kupitia mzee mmoja ninayemhudumia, nilimwambia nilikuwa mtangazaji na nataka kuandika tamthilia, hakucheka, alimwagiza binti yake aniazime kitabu cha skripti za huyo mtu. Hakuna aliyemtuma, na kwenye kazi hii wapo wasiotaka hata uwaguse.

Serling alizaliwa 1924, familia ya Kiyahudi. 1943 kamaliza sekondari tu kaingia jeshini, askari wa miavuli, kapelekwa Ufilipino kupigana na Wajapani, akajeruhiwa, na baba yake akafariki yeye akiwa bado na magwanda. Serikali ikamsomesha kama ilivyosomesha wengine waliotoka vitani, chuo cha Antioch kule Ohio, na huko ndiko redio ilimnasa, anaandika, anaongoza, anaigiza mwenyewe kwenye redio ya chuo. 1950 kamaliza, kapata kazi redio WLW ya Cincinnati. Huko nyumbani wangesema kijana katoka! Kumbe kazi yenyewe ni kuandika maneno ya kujazia vipindi, inamchosha, usiku anakaa na tamthilia zake, anatuma zinarudi, anatuma tena, mwisho akaacha ajira akiwa na mke. Januari 1955 ikatoka tamthilia yake Patterns, habari za wakubwa wa ofisini wanavyomkanyaga mtu mpaka anakufa, ilienda mubashara kwenye televisheni na watu wakaitaka tena, waigizaji wakarudi Februari kuicheza upya. Ikampa Emmy ya kwanza, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani.

Lakini kilichonishika ni cha Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955 na wauaji wakaachiwa na baraza la mahakama la wazungu watupu. Serling akataka kuliandika. Wenye matangazo ya biashara waliolipia kipindi wakaogopa wateja wa kusini, aliyeuawa akageuzwa mzee mgeni, hadithi ikahamishiwa kaskazini, hata chupa za Coca-Cola zikaondolewa zisikumbushe kusini. 1958 akajaribu tena, safari hii marehemu akawa Mmeksiko na mambo yakasogezwa karne ya nyuma! Wenye hela ndio walikuwa na kalamu. Ndipo 1959 akaanzisha The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa hadithi za ajabu, ubaguzi na woga akauweka kwa viumbe wa sayari nyingine, wenye matangazo wakaona hayawahusu. Vipindi 156, na 92 kaandika yeye, na sauti ya kufungua kila kimoja ni yake. Sisi tuliotangaza tukitazama kwa bosi kila tukigusa jina la mkubwa, hilo tunalielewa bila kufundishwa.

Watangazaji mnaotaka kuja, sikilizeni. Redio za huku hazikusubiri, watakwambia lafudhi yako haieleweki na hawatakuita tena. Kozi ya kuhudumia wazee ni ya wiki chache tu, ichukue, ulipe kodi yako, usiuze kiwanja cha mama kwa ajili ya chuo cha utangazaji cha Marekani. Maktaba ni bure, kadi unapewa ukionyesha unapoishi, kompyuta zipo na joto lipo Januari. Andika Kiswahili chako, usikiache. Na anayekucheka muulize yeye mwaka huu kaandika nini.

Mimi nina tamthilia ya redio nusu imeisha, ya wauguzi wa usiku. Kama kuna Mswahili Ohio, Minnesota au popote huku anayeandika, anitafute tusomeane kazi, hata kwa simu, mchana wa Jumapili niko nyumbani.