Hadidiski iliyotangaziwa msiba mapema

Shemeji yangu anapiga video za harusi pale Mwanga, hapa Kigoma, na video za harusi hazina mwisho: kichen pati, sendofu, msafara wa magari, keki, mashangazi wanaotunza mpaka saa nane usiku. Diski zake zilijaa hadi akaanza kufuta harusi za watu waliokwisha kulipa, jambo ambalo mimi nisingethubutu. Akaagiza Kariakoo hadidiski ya terabaiti 8, ya aina inayotumika kwenye seva, zile kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Ikaja kwa basi. Fundi mmoja wa mtaani akaifunga, akawasha kompyuta, hakuona kitu, akakata shauri: imekufa, irudishwe.

Kurudisha ni rahisi kwa aliye Dar. Kigoma ni mwisho wa reli tangu Wajerumani walipoifikisha hapa mwaka 1914, na kutoka kwetu hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukirudisha kitu unalipia mzigo, unasubiri, halafu unabishana kwa simu na muuzaji anayeapa kwamba kiliharibikia njiani. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kitu kimekufa kabla sijakishika mwenyewe.

"Shemeji, wewe kwani fundi?" akaniuliza.

"Kwani yule fundi wenu mwenyewe aliifungua?"

Akacheka, akaenda kutafuta bisibisi.

Naanzaga na jambo moja: inazunguka? Hadidiski ya sahani ikipata umeme huvuma, na ukiigusa kwa kidole unausikia mtetemo. Hii ilikuwa kimya kabisa. Tukabadilisha waya wa data, tukahamia tundu lingine kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, wapi. Nilifanya hivyo kumridhisha shemeji tu, maana kwa kawaida diski huzunguka hata bila waya wa data, mradi umeme umefika. Kisha tukachukua diski yake ya zamani, tukaichomeka kwenye waya uleule wa umeme. Ikanguruma papo hapo. Umeme upo, basi. Ni hii mpya inayoukataa.

Hapo ndipo wengi wangesema fundi alikuwa sahihi. Lakini lile neno seva lilinikaa kichwani. Plagi ya umeme ya SATA, aina ya plagi inayotumiwa na diski kama hizi, ina pini 15, na tatu za mwanzo zilikuwa za volti 3.3, ambazo diski nyingi hazikuwa na haja nazo. Mwaka 2016 toleo la 3.3 la kanuni za SATA likaipa pini ya tatu kazi nyingine: ikipokea umeme, diski inajizima. Kwenye chumba cha seva hilo lina faida, kwa kuwa msimamizi anaweza kuizima na kuiwasha tena diski iliyoganda bila kunyanyuka alipokaa. Sasa ichukue diski hiyo uifunge kwenye mashine ya mezani yenye pawa saplai ya zamani, ambayo pini ya tatu ina umeme muda wote. Diski inaambiwa zima, zima, zima, nayo inatii.

Dawa yake ni adapta inayotoka kwenye ile plagi ya zamani ya Molex yenye waya nne, kwa sababu hiyo hubeba volti 12 na volti 5 tu. Tuliikuta kwenye boksi la nyaya kuukuu. Niliikagua kwanza, kwani zile za bei poa ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya zina sifa mbaya ya kuungua. Yetu ilikuwa ya kubana nyaya moja moja. Tukawasha, nikaweka kidole: inatetemeka. Tukaingia BIOS, ile menyu inayotangulia Windows, jina lake hilo hapo.

Shemeji akapiga vigelegele kama bibi harusi ni wake. Windows ilipofunguka akanuna tena, maana kwenye orodha ya diski haikuwemo. Hilo halikunitisha. Diski mpya haina jedwali la patisheni, yaani orodha ya jinsi ilivyogawanywa, na Windows haiwezi kuipa herufi. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, unachagua Disk Management, yenyewe inauliza utumie MBR au GPT, aina mbili za jedwali hilo. Kwa terabaiti 8 chagua GPT. MBR kwa kawaida inaishia terabaiti 2 na kidogo, kinachobaki unakipoteza. Kisha unatengeneza patisheni, unaifomati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, basi. Ila kama diski ina mafaili ya mtu na Windows inakuuliza swali hilohilo, toa mkono kwenye mausi. Ukikubali, unaandika jedwali jipya juu ya lile lililokuwa likionyesha mafaili yalipo.

"Mbona inasema 7.27? Kariakoo wamenipunja!"

Nikamweleza kwamba kiwandani terabaiti moja ni baiti trilioni moja, ilhali Windows inahesabu kwa 1024, kwa hiyo namba inashuka bila kitu kuibwa. Alinisikiliza kwa heshima tu, naona bado anamshuku muuzaji.

Yule fundi simlaumu kwa kutoijua pini ya tatu, si jambo la kukutana nalo kila siku Mwanga. Kidole chake je, kilikuwa wapi?

Kunakili harusi kuliendelea usiku kucha. Asubuhi shemeji alitaka azifute diski za zamani aziuze. Nimezichukua zibaki kuwa nakala ya pili, ziko kwangu, na amekwisha kumwambia dada kwamba nimemwibia.