Nilivyoacha kumshika mwanangu mkono ili ajifunze kuandika

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka minne shule yake ya awali ilipoanza kumpa kila jioni ukurasa mzima wa herufi za kufuatisha, nami kwa hofu ya kumwona akiachwa nyuma na wenzake nikawa nakaa naye mezani nusu saa nzima nikimwongoza mkono. Ndugu waliniunga mkono kwa methali ile ile, samaki mkunje angali mbichi, na hadi leo hunikera kuisikia ikisemwa juu ya mtoto ambaye vidole vyake havijapata nguvu.

Penseli aliishika kwa ngumi, kama mtu ashikavyo nyundo. Nilinunua kishikio cha mpira, kikawa kinazunguka tu. Ndipo nikachukua utepe laini, nikafunga kidole gumba na cha shahada kwenye penseli, nikiamini kwamba vidole vikikaa vizuri kwa siku kadhaa, mkono utazoea. Alikandamiza hadi karatasi ikatoboka, akamaliza herufi tatu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mkono unauma." Nilipofungua utepe niliona alama nyekundu. Wiki hiyo daftari likapotea, tukalitafuta nyumba nzima, na nilipolikuta chini ya godoro lake nililia.

Aliyenisaidia ni jirani yetu, mwalimu mstaafu wa chekechea. Alimtazama binti yangu akicheza kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mtoto hana kosa, baba. Mkono wenyewe bado unajengwa." Alinieleza kwamba mtoto huzaliwa kifundo cha mkono kikiwa gegedu, yaani kitu laini kuliko mfupa, kwamba vile vipande vinane vinavyokiunda huanza kugeuka mfupa kimoja baada ya kingine, na kwamba akiwa na miaka minne kazi hiyo huwa haijakamilika. Alinikumbusha pia kuwa Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole, na aliuandaa mkono kwa kazi nyingine kabla ya kuutaka uandike.

Kisha akachukua krayoni mpya, akaivunja vipande vifupi kama ncha ya kidole. Kipande kifupi namna hiyo hakishikiki kwa ngumi: kidole gumba, cha shahada na cha kati hukidaka vyenyewe, bila mtu kufundisha wala kufunga utepe. Nililolihangaikia kwa majuma lilitokea mbele ya macho yangu kwa dakika moja. Karatasi akanitaka niibandike ukutani, usawa wa macho ya mtoto, kwa sababu anayechora ukutani hulazimika kukunja kifundo kuelekea nyuma, na huo ndio mkao anaouhitaji mwandishi.

Yaliyobaki yalikuwa michezo. Alifinyanga udongo, alianua nguo kwa kubana vibanio, alikata magazeti ya zamani kwa mkasi wa watoto nikiwa kando yake, na alipaka ukuta wa nje maji kwa brashi hadi jua likaukaushe aanze upya. Mwalimu wake hakufurahi nilipoomba aachiwe zile kurasa za jioni, lakini alikubali kusubiri hadi mwisho wa muhula, na ninamshukuru kwa hilo.

Miezi mitano hivi baadaye aliniita ukutani. Chini ya nyumba aliyoichora alikuwa ameandika jina lake, herufi moja ikitazama nyuma, jambo la kawaida kabisa kwa umri wake, nami sikuigusa. Kesho yake aliomba penseli ndefu, nikampa pamoja na lile daftari la chini ya godoro. Aliligeuza, akafungua upande wa nyuma ambako kurasa zilikuwa tupu, akaanza kuandika.