Jicho kwanza, mkono baadaye: nilivyosoma sanaa na usanifu chuoni

Niliingia chuo cha sanaa nikiwa na mkono mwepesi na jicho zito. Kuchora niliweza. Ukinipa picha ya mtu, nilikutolea sura inayofanana naye, na waliokuwa wakipita walisimama kunisifu. Nilichokosa ni uwezo wa kukitazama kitu kilicho mbele yangu bila kuchora kile ambacho kichwa changu kilikuwa kinakijua tayari. Karibu mwaka mzima wa kwanza ulikwenda katika kulifungua jicho hilo. Wenzangu wengi walinung'unika, maana walitarajia kuwekwa mbele ya kompyuta mapema. Mimi naona huo ndio mwaka uliobeba miaka mingine yote.

Zoezi lililonigeuza lilikuwa la kiti. Kiti cha mbao cha kawaida, kimepinduliwa juu ya meza, miguu hewani. Mwalimu akatuambia tusichore kiti. "Choreni matundu," akasema, akimaanisha zile nafasi tupu kati ya mguu na mguu, kati ya ubao na ubao. Mwanzoni ilionekana kama kichekesho. Lakini jambo lenyewe lina maana yake: kiti unakijua, kwa hiyo mkono unakimbilia kuchora miguu minne iliyo sawa hata pale ambapo, kwa ulivyokaa, mmoja unaonekana mfupi nusu ya mwingine. Tundu hulijui. Halina jina, halina picha iliyohifadhiwa kichwani, kwa hiyo unalazimika kuliangalia lilivyo, na pembe zake na upande wake uliopinda. Ukishaweka matundu yote mahali pake, kiti kinajitokeza chenyewe, na kinakuwa sahihi kuliko kile ambacho ungekichora kwa kukikusudia.

Sambamba na hilo tulifundishwa kupima kwa penseli. Unanyoosha mkono mpaka mwisho, unafumba jicho moja, unalinganisha ncha ya penseli na ukingo wa juu wa kitu, kisha unatelezesha ukucha wa kidole gumba mpaka ukingo wa chini. Hicho ndicho kipimo chako. Baada ya hapo unauliza: upana wa kiti unaingia mara ngapi katika urefu wake? Siri iko kwenye kiwiko. Kikikunjika hata kidogo penseli inasogea karibu na jicho, na vipimo vyote ulivyochukua kabla havifai tena. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu akigusa viwiko bila kusema neno.

Kanuni za mtazamo, zile za mistari inayokwenda kukutana kwenye nukta moja mbali, zilikuja baadaye. Filippo Brunelleschi alizionyesha kwa vitendo mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akazieleza kwa maandishi mwaka 1435. Nilishukuru kuzipata baada ya kupima kwa jicho. Aliyeanza na kanuni alichora vyumba vilivyonyooka kama sanduku, kila kitu sahihi na hakuna kilichotazamwa. Sisi tuliotangulia na penseli tulizitumia kukagua tu.

Sasa rangi. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko somo lolote, na nitaeleza kwa urefu.

Zoezi lilikuwa hili: chukua karatasi mbili za rangi tofauti ziwe mandharinyuma. Kata vipande viwili vidogo kutoka karatasi moja ya tatu, kibandike kimoja katikati ya kila mandharinyuma. Vile vipande viwili, ambavyo ni rangi ileile kabisa, vionekane kama rangi mbili tofauti. Zoezi hilo linatokana na mafundisho ya Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani mpaka ilipofungwa mwaka 1933, kisha akahamia Marekani na kuendelea kufundisha huko. Alipendelea karatasi za rangi kuliko rangi za kuchanganya, na sababu yake utaielewa mara tu ukikaa mezani. Rangi uliyochanganya mwenyewe haiwi ileile mara mbili, kwa hiyo mtu akiona tofauti anaweza kusema umebadilisha. Karatasi haina ubishi: vipande vyote viwili vimetoka kwenye karatasi moja.

Nilihangaika na jozi nyingi zisizotoa kitu, mpaka nikaacha kuchagua rangi ninazozipenda na kuanza kufikiri. Kila mandharinyuma inaisukuma rangi iliyo juu yake iende mbali nayo. Mandharinyuma ya giza inaifanya nyepesi, ya mwanga inaifanya nzito. Ya njano inaivuta kuelekea zambarau, ya zambarau inaivuta kuelekea njano. Kwa hiyo kipande kinachofaa ni kile kilicho katikati ya hizo mbili, kisichoelemea upande wowote. Nikaweka njano iliyokolea kushoto, zambarau nzito kulia, na kwa vipande vya kati nikachukua rangi ya udongo iliyofifia, ambayo ukiiona peke yake huwezi hata kuitaja vizuri. Kushoto ikawa nzito yenye uzambarau. Kulia ikawa nyepesi, karibu na njano ya majani makavu. Mwenzangu aliyekaa pembeni alikataa kuamini mpaka nilipokata mkanda mmoja mrefu kutoka karatasi ileile nikaviunganisha nao vipande vyote viwili mbele yake.

Kuna ufundi mdogo ambao hauandikwi: wembe uwe mpya, na kipande kikae bila ufa. Mstari mweupe wa karatasi ukionekana pembeni, hata mwembamba kama unywele, jicho linapata pa kupumzika na mazingaombwe yanavunjika.

Mhadhiri wa historia alituongezea kisa ambacho nimekibeba mpaka leo. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa idara ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu. Alipochunguza akakuta rangi yenyewe haina tatizo. Tatizo ni rangi zilizofumwa kando yake. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839. Nilicheka nilipokisikia, lakini kilinisaidia waziwazi nilipokuwa nikitengeneza bango lenye maandishi ya kijivu juu ya nyekundu. Kijivu kile kiligeuka kuwa na ukijani usiopendeza, na kwenye kompyuta vipimo vilisema ni kijivu safi. Zamani ningebadilisha fonti, ningebadilisha nyekundu, ningelalamikia skrini. Safari hii nilitia nyekundu kidogo ndani ya kijivu, na ukijani ukaondoka. Kijivu ambacho si kijivu kikaonekana kijivu.

Skrini nayo ina mambo yake. Inatengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa aina nne, yaani buluu ya samawati, waridi kali, njano na nyeusi. Buluu kali na kijani kinachowaka kwenye skrini hazipatikani kwa wino huo, basi. Tangu nilipolijua hilo nilianza kazi yoyote ya kuchapwa katika mfumo wa wino tangu mwanzo, picha nikiziweka nukta 300 kwa inchi, na rangi ya ukingoni nikiivusha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia ili kisu kikiyumba pasibaki ukanda mweupe.

Herufi nilizipenda taratibu. Kilichonivutia ni kugundua kwamba herufi O hutengenezwa ikiwa ndefu kidogo kuliko H, inapita juu na chini ya mstari, na bila hivyo jicho linaiona fupi. Nafasi kati ya A na V vilevile haipimwi kwa rula. Nilijifunza kuchapa neno, kuligeuza juu chini, na kuangalia tena nafasi tupu. Neno likishaacha kusomeka, mapengo yanajionyesha. Kile kiti, kwa namna nyingine.

Lakini kinachowaangusha wengi chuoni, kwa maoni yangu, si kuchora wala rangi. Ni vikao vya uhakiki. Kazi zinabandikwa ukutani, darasa zima linasimama, na kila mtu anaruhusiwa kusema. Wapo wanafunzi wenye vipaji vikubwa waliokuwa wakilala vibaya usiku wa kuamkia kikao. Mimi pia nilikuwa na woga wangu, na niliumudu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuandika chini ya kila kazi sentensi moja inayosema kazi hiyo inajaribu kufanya nini. "Bango hili linataka mtu anayepita kwa haraka aone tarehe kwanza." Baada ya hapo mazungumzo yanabadilika. Anayesema "sipendi" anajikuta hana pa kushika, kwa sababu swali lililo ukutani si la kupenda. Anayesema "jicho langu limekwenda kwenye picha, tarehe nimeiona mwisho" amekupa kitu cha kufanyia kazi jioni hiyohiyo. Nilijizoeza pia kunyamaza na kuuliza swali moja tu: umeona nini kwanza?

Ya pili tulikubaliana na mwenzangu yule wa pembeni: wakati kazi yangu inahakikiwa yeye anaandika, na yake ikifika naandika mimi. Anayehakikiwa husikia maneno makali tu, na akishika kalamu mwenyewe anaandika hayo hayo. Niliposoma maandishi yake baada ya vikao nilishangaa ni mambo mangapi mema na ya msaada yalisemwa nami sikuyasikia kabisa. Tuliendelea hivyo mpaka tukamaliza chuo, na sioni kwa nini isiwe desturi ya kila darasa.

Daftari la michoro ndilo lililonishikilia pamoja. Wengi hulifanya la mapambo, kila ukurasa umesafishwa ili upendeze. Langu lilikuwa chafu: vipande vya karatasi, michoro midogo midogo ya ukubwa wa stempu, mishale, maelezo ya kwa nini wazo fulani limeachwa. Kila kazi niliianza kwa kujaza ukurasa mmoja kwa michoro hiyo midogo kabla ya kugusa kompyuta. Ile ya mwanzo huwa ni mawazo ambayo kila mtu anayo. Kinachofaa huanza kujitokeza pale unapodhani umeishiwa. Na kwa kuwa ni midogo, huwezi kujificha nyuma ya mapambo. Ama mpangilio unasimama au hausimami.

Mwaka wa mwisho lilikuja suala la jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi zako unaomwonyesha anayetaka kukuajiri, na la maonyesho. Nilikata zaidi ya nilivyoweka. Kazi nzuri zilizofanana nilibakiza moja, na mradi nilioupenda kuliko yote nikaupa kurasa kadhaa, kuanzia michoro ya ukubwa wa stempu mpaka bango lililokamilika, kwa sababu mtu anayetaka kukupa kazi anataka kujua unafikaje pale. Ukutani nilitundika picha zikiwa na kitovu kwenye kimo cha macho, karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, na nikaacha sehemu kubwa ya ukuta wazi. Jirani yangu alijaza wake mpaka juu. Kazi zake zilikuwa bora kuliko zangu kadhaa, lakini ilikuwa vigumu kujua uanzie wapi.

Mtahini alipofika alizitazama picha kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, kisha akaomba daftari. Akalifungua katikati, akaweka kidole kwenye mchoro nilioukata kwa msalaba, akauliza kwa nini niliuacha ilhali yeye anauona una nguvu kuliko niliouchagua. Nikamjibu kwamba kwenye ule picha inashinda tarehe, na bango lilihitaji tarehe ishinde. Akasema bado angeuchagua ule. Nikamwambia mimi bado nisingeuchagua, nikamfungulia ukurasa wa pili nilipoujaribu kwa ukubwa kamili. Tulibishana hapo kwa muda mrefu, wote wawili tumeinamia daftari, mpaka mtahini mwenzake akaja kumkumbusha kwamba kuna wanafunzi wengine wanasubiri.