Bana Kwanza, Ndipo Unyanyue

Mama mmoja wa Arua, Uganda, muuza mihogo sokoni, alikuwa ameshaambiwa abane misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu. Alibana kwa miezi, lakini kila akikohoa au akijitwika maji, mkojo ulimtoka.

Nilianza kwa kumuuliza kama mkojo unavuja mchana na usiku bila kukoma. Ukivuja hivyo baada ya uchungu wa kuzaa wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna zoezi linaloziba tundu; huyo anahitaji mpasuaji. Wake ulitoka kwa kikohozi na mzigo tu, na kipimo cha mkojo hakikuonyesha maambukizi.

Alilala mkekani, magoti juu, nikamwomba anionyeshe anavyobana. Pumzi ilikatika, tumbo likatuna, makalio yakainuka. Alikuwa anasukuma chini! Wengi hufanya hivyo, na kila msukumo huongeza shinikizo juu ya kibofu.

"Mama, zuia ushuzi, zuia na mkojo, kisha vuta kwa ndani kuelekea juu. Endelea kupumua."

Aliweka kiganja juu ya nguo, kati ya njia mbili za haja. Safari hii akasikia nyama ikipanda na kuachana na mkono. "Daktari, kumbe ni huku!" Aliweza sekunde 3, basi tukaanzia hapo: kubana 3, kupumzika muda uleule, mara 8, kwa vipindi 3 kila siku, akipanda polepole hadi sekunde 10. Kisha mibano michache ya harakaharaka. Kulegeza kabisa ni nusu ya kazi, na ndiko watu wanakoruka. Nilimkataza kufanyia mazoezi chooni kwa kukatiza mkojo, maana mwingine hubaki kibofuni.

Kisha tukaleta jerikani la lita 20, maji nusu. Hapa ndipo sikutaka haraka, kwa sababu misuli yenye nguvu ikichelewa haimsaidii mbebaji. Bana, toa pumzi, nyanyua. Na kabla ya kikohozi, bana vilevile. Alirudia mpaka mkono ukawa unausubiri mbano.

Alikiri kwamba siku za soko hanywi maji. Nikamwambia anywe: mkojo mzito huchokoza kibofu, na choo kigumu humfanya akamue. Apunguze chai na kahawa. Tulikubaliana miezi 3 kamili, na baada ya wiki 2 arudi tumhesabie sekunde upya.