Mlawi Aliyefikisha Miaka Hamsini

Wapendwa katika Bwana, neema na iwe kwenu. Wiki hii tusome Hesabu 8:23–26, kisha 2 Samweli 19:31–39.

Wazee wanaohubiriwa sana mimbarani ni wale ambao hawakupumzika. Musa anasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80. Kalebu, mwenye miaka 85, anaomba apewe mlima wa Waanaki akapigane. Ni mifano mizuri, ila mstaafu mwenye goti bovu akiisikia kila mara hurudi nyumbani akijiona mtoro. Basi tukae kidogo na Mlawi asiyetajwa jina, mtu wa kabila la Lawi lililotumika hemani, ambaye Bwana mwenyewe alimwambia atue mzigo.

Tuangalie kwanza alikuwa akibeba nini. Hema ya kukutania, mahali pa ibada pa Israeli jangwani, ilihamahama, na kila safari Walawi ndio walioifungua na kuisafirisha. Wana wa Merari, ukoo mmoja wa Walawi, walikabidhiwa mbao 48, kila moja ikiwa na urefu wa dhiraa 10, yaani zaidi ya mita 4. Mbao hizo zilisimama juu ya vitako vya fedha, na kila kitako kilikuwa talanta nzima, uzito unaozidi kilo 30. Walipewa magari 4 na ng'ombe 8, ndiyo, lakini gari halijipakii. Wana wa Kohathi, ukoo mwingine, hawakupewa hata gari moja, kwa kuwa vyombo vitakatifu vilibebwa mabegani. Ndipo torati inasema kwamba Mlawi akifika miaka 50 aikome kazi ile. Haiulizi kama bado anajisikia ana nguvu, wala kama anadhani vijana hawataweza. Umri umefika, anatua. Kutua huko ni utii sawasawa na kule kubeba.

Mstari wa 26 unaongeza jambo: atahudumu pamoja na ndugu zake, akilinda ulinzi, lakini kazi ile haifanyi tena. Hapa ndipo ninapoona uzito wa somo. Hakurudishwa nyumbani akasahauliwe. Wala hakuwekwa juu ya vijana awasimamie namna ya kukunja mapazia. Yupo kati yao, ana zamu yake, na mapazia yanakunjwa na wengine, pengine vibaya kuliko alivyokuwa akiyakunja yeye. Kukubali hilo kila siku, nadhani, ni kazi ngumu kuliko kubeba mbao.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko mstaafu anakojaribiwa. Aliyekuwa mkuu wa idara anaamka asubuhi ya kwanza bila kazi na kukuta nyumba ambayo miaka yote imeendeshwa na mtu mwingine, na imeendeshwa vizuri. Ana nguvu za kutoa amri na hana wa kumwamrisha. Kufika adhuhuri ameshafungua kabati la jikoni na kuuliza kwa nini masufuria yako hapa na vikombe kule. Kwake huo ni msaada. Mwenye jiko anasikia amepewa msimamizi ambaye hakumwomba. Ndoa zilizovuka miaka ya dhiki zimetikiswa na masufuria, jamani, tusicheke.

Mlawi wetu angefanyaje? Angeomba zamu. Chukua kazi moja ya nyumbani iwe yako yote, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni vyombo, basi ni pamoja na kufuta meza, kusuuza kitambaa na kukianika, na kujua sabuni inakwisha lini. Mtu anayesema "nakusaidia vyombo" bado amemwachia mwenzake mzigo wa kukumbuka, na kukumbuka ndiko kunakochosha. Kama mtu anaona kazi hizo ni ndogo kwa hadhi yake, asome Yohana 21. Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, anaonekana ufuoni akiwa amewasha makaa, samaki wako juu yake na mkate upo. Wanafunzi walifika wakakuta chakula tayari.

Niseme pia jambo ambalo kanisani tunalipita haraka. Mwanamke anapostaafu huambiwa "sasa utapumzika", kisha wajukuu wanaletwa, wagonjwa wanaletwa, na kila kikao cha familia kinahamia kwake. Mumewe ametua mbao. Yeye amebadilishiwa mbao. Ikiwa umri ule ulikuwa amri ya Bwana, basi wanaume na watoto wa nyumba hiyo wana wajibu wa kuhakikisha mama naye ameutimiza. Kumlea mjukuu ni baraka, nakubali. Kumlea bila kuulizwa, siku zote, ni utumwa wenye jina zuri.

Tuje kwa Barzilai. Alikuwa na miaka 80, tajiri, na alikuwa amemlisha Daudi wakati mfalme anamkimbia mwanawe. Daudi anataka kumlipa: njoo Yerusalemu, nitakutunza. Mzee anajibu kwa uwazi unaopendeza. Ulimi wake hauonji tena ladha ya anachokula, masikio hayasikii vizuri sauti za waimbaji. Kwa nini awe mzigo kwa mfalme? Atavuka naye Yordani, atasindikiza kidogo, kisha arudi afie mjini kwake. Nafasi ya ikulu anampa Kimhamu, yamkini mwanawe. Barzilai haoni aibu kutaja alichopoteza, na hatumii alichopoteza kuwa kisingizio cha kutovuka mto. Anajua ataweza kwenda mpaka wapi.

Kipimo hicho kinamfaa sana mstaafu aliyenunua baiskeli, nao siku hizi ni wengi. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku 3 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke. Baiskeli inatosha vizuri kwa zile dakika, tena inayahurumia magoti, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na kiti. Ila kiti kikiwa chini mno magoti yataumia yaleyale. Kanyagio likifika chini kabisa, mguu uwe umekunjwa kidogo tu. Kwa kuwa mifupa haipati uzito wake pale juu ya kiti, kutembea kwa miguu kusiachwe. Mwenye shida ya nyonga atafute fremu iliyoshuka katikati, maana kupanda na kushuka kunahitaji uangalifu kama mwendo wenyewe. Anayetumia dawa za shinikizo la damu na kuhisi kizunguzungu azungumze na daktari kabla ya kwenda barabarani. Na kofia ngumu ivaliwe, hata kama ni pale karibu tu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba kujizoeza kupata nguvu za mwili kwafaa kidogo. Kidogo hicho tukichukue. Halafu, kama Barzilai, geuza kabla nguvu hazijaisha, kwa sababu njia ya kurudi nayo ina urefu wake. (Wapo wanaoomba wakiendesha. Waombe macho wazi.)

Fedha sasa. Mshahara ulikuwa na tabia moja njema: ukikosea mwezi huu, mwezi ujao unakuja mwingine. Kiinua mgongo hakirudi. Biblia inatuwekea mambo mawili ambayo ni lazima tuyashike pamoja. Mana iliyowekwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka, kwa hiyo hofu ya kurundika imekemewa. Lakini siku ya sita Bwana huyohuyo aliamuru wakusanye maradufu, na Yusufu aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno katika miaka 7 ya shibe. Kuweka kwa ajili ya siku isiyo na mavuno ni agizo. Tena fedha isiyozaa inapungua hata isipoguswa: bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, nguvu yake ya kununua inabaki nusu katika miaka kama 14, na wengi wetu tutaishi zaidi ya hapo baada ya kustaafu.

Mjane wa 2 Wafalme 4 aliambiwa na Elisha auze mafuta, alipe deni, kisha aishi na wanawe kwa kilichosalia. Deni linatangulia, paa jipya na biashara ya kujaribu vinasubiri. Na kabla ya kumwekea mtu saini ya udhamini, hata awe mpendwa wa kwaya, fungua Mithali 22:26–27, inayokuuliza kwa nini uchukuliwe kitanda ulichokilalia. Kumpa mtu kiasi usichotarajia kukiona tena ni afadhali kuliko kumdhamini kiasi usichoweza kulipa.

Liko agizo alilopewa mfalme Hezekia katika ugonjwa wake: tengeneza mambo ya nyumba yako. Wiki hii, mume na mke wakae na daftari moja. Kinachoingia, kinachotoka, akaunti ziko wapi, nani ameandikwa kuwa mrithi wa mafao na kama majina hayo bado ni sahihi, wosia upo au haupo. Mmoja asibaki gizani, maana hajulikani nani atatangulia.

Hezekia aliongezewa miaka 15. Wajumbe wa Babeli wakaja na barua na zawadi, wamesikia amepona, naye kwa furaha akawaonyesha ghala zote. Isaya alipomuuliza wameona nini, alijibu kwamba hakuna kitu ambacho hakuwaonyesha. Mafao yakitoka, wajumbe watakuja na kwenu, wenye salamu nyingi na mradi mmoja wa haraka. Wapokeeni kwa heshima, wapeni viti, na lile daftari libaki kabatini.