Siku moja kwenye meza ya kura: duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Ufini

Ninapowaeleza ndugu zangu kwamba nimo katika kamati ya kituo cha kupigia kura hapa Helsinki, baadhi hunipongeza kana kwamba nimepata cheo, na wengine huuliza kwa utani ni mgombea gani amenitumia kitu kidogo. Ukweli ni kwamba ni kazi ya kukaa kitako tangu asubuhi hadi usiku kwa posho ndogo. Siku ninayoisimulia ni Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, Wafini walipochagua kati ya Alexander Stubb na Pekka Haavisto.

Saa mbili asubuhi bendera ilikuwa imekwisha kupandishwa mbele ya shule tunayoitumia, kwa kuwa siku ya uchaguzi hapa ni siku ya bendera. Tulipanga vituturi, tukachonga penseli, tukagawana daftari la wapiga kura. Wajumbe wa kamati tumependekezwa na vyama mbalimbali, vikiwemo vinavyochukiana kabisa, lakini ndani ya chumba kile ni mwiko hata kuvaa beji ya mgombea.

Saa tatu kamili mwenyekiti alimwonyesha mpiga kura wa kwanza kwamba sanduku ni tupu, kisha likafungwa kwa lakiri. Mtu huonyesha kitambulisho, jina lake hutiwa alama, naye hupewa karatasi iliyokunjwa yenye duara moja tupu ndani yake, bila picha wala jina la mgombea. Huandika nambari tu, huikunja tena, mimi huigonga muhuri kwa nje, naye huitumbukiza. Nambari huanzia 2, kwani 1 hapewi mtu, na wagombea hawa wawili walibaki na nambari zao za duru ya kwanza, walipokuwa tisa. Hadi saa saba mchana sikufanya jingine ila kugonga muhuri.

Saa nane hivi aliingia kaka mmoja ambaye, aliponiona, alitabasamu na kuacha Kifini mlangoni. "Shikamoo dada! Afadhali nimekukuta wewe." Jina lake halikuwamo katika daftari. Nilimweleza kwamba rais huchaguliwa na raia peke yao. Mkazi wa kigeni aliyekaa nchini muda unaotakiwa huruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa, na ndiyo maana safari hii hakutumiwa kadi ya taarifa, ile inayomjulisha mtu kwamba ana haki ya kupiga kura. Hakukubali. Alisema mwaka 2021 alipiga kura katika chumba kile kile, analipa kodi kuliko Wafini wengi, na kwamba mimi, kama mtu wa nyumbani, ningeweza kumtafutia njia. Madai yake juu ya mwaka 2021 yalikuwa ya kweli, kwa maana ulikuwa uchaguzi wa manispaa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kadiri tulivyoendelea kuzungumza Kiswahili, ndivyo foleni ilivyozidi kukaa kimya na kututazama. Mjumbe wa meza ya kura hapaswi kuonekana akinong'ona na mtu kwa lugha ambayo wenzake hawaifahamu. Kwa hiyo nilirudia kila neno kwa Kifini, kwa sauti, ili mwenyekiti asikie. Yule kaka alilichukulia jambo hilo kuwa ni kumkana mbele za watu. "Umekwisha kuwa Mfini wewe," aliniambia, akasimama pembeni karibu nusu saa akingoja nibadilishe mawazo. Mwenyekiti alipompa maelezo yale yale, neno kwa neno, aliyapokea kwa upole na kuondoka. Hilo liliniudhi kuliko matusi.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Jua lilizama, watu wakaja na theluji viatuni, sakafu ikalowa, kahawa ikaisha, mkono wa muhuri ukaanza kuuma. Wazee walikuja wakikongoja, na sikuwashangaa: rais wa Ufini ndiye amiri jeshi mkuu na huongoza siasa za nje pamoja na serikali, katika nchi inayopakana na Urusi kwa zaidi ya kilomita 1,300 na iliyojiunga na NATO Aprili 2023 tu.

Milango ilifungwa saa mbili usiku. Tulimwaga kura mezani, tukazitenga kwa nambari, tukalinganisha idadi na alama za daftarini, tukahesabu tena. Kura zenye maandishi ya ziada zilienda kwenye fungu la zilizoharibika, pamoja na zile zenye jina la Aku Ankka, bata wa katuni ambaye huandikwa na watu waliochoshwa na wagombea wote. Matokeo yalipelekwa, kura zikafungwa kwa ajili ya kuhesabiwa upya Jumatatu.

Mume wangu alipiga simu nikiwa natafuta kofia yangu. Nilikuwa ninajua kura za chumba kimoja tu, kwa hiyo yeye aliyekaa sebuleni na televisheni ndiye aliyenieleza kwamba Stubb alikuwa ameshinda. Hesabu ya mwisho ilimpa asilimia 51.6 dhidi ya 48.4 za Haavisto.